Ugonjwa wa Mpangaji

Mpangaji hakuwahi kulipa kodi hata siku moja. Alikaa kwenye kona ya chumba cha nyuma, juu ya kabati la viatu, mweusi, mfupi, mnene kama kopo la unga, na taa nne usoni na feni moja mgongoni iliyokoroma usiku na mchana. Jina alipewa na Mama, juma lile lile alipoletwa. "Anakula umeme wangu," Mama alisema, "hafagii, hachoti maji, hasalimii wageni, na kodi halipi. Msiniambie hiyo ni mashine. Huyo ni mpangaji." Jina likanata. Hata Baba, aliyekuwa mpimaji ardhi kwa miaka thelathini na minne na asiyependa kitu kiitwe jina lisilo lake, alijikuta siku moja anasema Mpangaji leo kaamka na taa ya machungwa, na hakujirudi.

Kazi ya Mpangaji ilikuwa moja tu. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, kompyuta ya Baba ilitakiwa kumpelekea nakala ya kila kilichomo ndani yake, kupitia kebo ya buluu iliyotoka kwenye ruta, ili siku kompyuta ikifa, mali isife nayo. Kazi hiyo moja ilikuwa imemshinda kwa miezi kumi na minne.

Na sasa kompyuta ilikuwa imekufa kweli. Ilikufa Ijumaa, siku mbili baada ya Mama kuzikwa. Baba aliiwasha asubuhi, ikagonga ndani kwa ndani, tak, tak, tak, kama mtu anayesikitika kwa ulimi, kisha kioo kikabaki cheusi. Baba akaitazama, akaizima kwa adabu, akaifunika kitambaa.

Aliyemtuma Mpangaji nyumbani humo alikuwa mtoto wa mwisho, fundi wa mitandao katika mji wa mbali, safari ya saa sita kwa basi. Nyumbani aliitwa Injinia tangu akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya Baba, akaifunga tena ikaimba vizuri kuliko zamani, na skrubu mbili zikabaki mkononi mwake. Jina lilianza kama dhihaka. Yeye alilichukua kama cheo, na hakulivua tena.

Leo, Jumamosi, siku ya kumi tangu mazishi, Injinia alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati la viatu, kompyuta yake ya mkononi mapajani, na hakuwa anahisi kitu. Hakuwa amehisi kitu tangu Jumatatu ile aliposhuka kwenye basi akamkuta dada yake amesimama kituoni peke yake, hana hata haja ya kusema. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini habari haifiki. Shangazi zake walimwambia lia, mwanetu, lia upate nafuu. Aliwaitikia, akaenda kuangalia kwa nini taa ya uani inapepesa. Katika siku kumi alikuwa ametengeneza taa ya uani, komeo la lango, tangi la choo, pasi ya jirani na bawaba tatu za madirisha. Kila kitu kilichoharibika ndani ya nyumba ile alikigusa, isipokuwa Mpangaji.

Sababu aliijua. Alijua kilichomo ndani ya Mpangaji: hakuna.

Miaka miwili nyuma paa lilivuja, na maji yakaingia kwenye sanduku la albamu. Baba alizitoa picha moja moja, akazikausha, akazipitisha kwenye skana, kazi ya miezi mitano. Kila picha aliipa namba, tarehe, jina la aliyekuwemo, na kwa mazoea ya kazi yake, upande aliokuwa akiutazama. *Namba 88. Mama na mtoto wa kwanza. Wanatazama kaskazini-mashariki.* Zilikuwa picha elfu moja mia nane arobaini na sita. Zilipokwisha, albamu zikiwa zimeota ukungu na kunuka, Baba alimpigia simu Injinia na kumuuliza azifanyeje. Na Injinia, akiwa kazini, simu kaibana kwa bega, akajibu: "Choma tu, Baba. Karatasi ni mzigo. Nitaleta kifaa, kila kitu kitakuwa salama sehemu mbili." Baba alichoma. Mpangaji akaja peke yake, kifurushi cha basi, na Injinia akamwelekeza Baba kwa simu namna ya kumchomeka. Mwanzo walikuwa wakimpa mafaili madogomadogo ya kumzoesha, barua na ramani, na picha zilipoanza kupelekwa ndipo ugonjwa ukamshika.

Tangu hapo, kila siku, simu ya Injinia ilipokea ujumbe uleule: *Nakala imeshindikana. Kifaa hakipatikani.* Miezi ya mwanzo aliusoma. Baadaye alipanga jumbe hizo zijipeleke zenyewe kwenye kabrasha la pembeni, asizione, zisimharibie siku. Kila Jumamosi alipiga simu nyumbani kutafuta ugonjwa. Baba alisoma taa. Mama alishika simu.

Picha nyingine za Mama zilikuwa tatu, kwenye simu ya Dada, na katika zote tatu alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

"Zipo?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakunywa. Neno hilo alikuwa amelisema kila asubuhi tangu Ijumaa ile, na kila asubuhi Injinia alikuwa na jambo la kumjibu: nangoja diski mpya, nangoja umeme utulie, nangoja duka lifunguliwe. Leo diski mpya ilikuwa pale sakafuni, ndani ya boksi lake, na umeme ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

"Bado sijaingia, Baba."

"Unangoja ukaribishwe?"

"Hanijibu. Kompyuta yangu haimuoni."

"Hata mimi hakuwa ananiona," Baba alisema. "Mwenye kumjua alikuwa mama yako tu. Alimfuta vumbi kila siku."

Injinia akajisogeza karibu. Aliichomoa kebo ya buluu kwenye ruta, akaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yake, mtu na mtu, bila mshenga. Akasubiri. Mpangaji akajitokeza kwenye kioo, akadai neno la siri. Injinia akaandika alilolikumbuka. Likakataliwa. Akaandika tena. Likakataliwa.

"Ulilibadilisha, Baba?"

"Ulinibadilishia wewe, kwa simu. Ukaniambia niandike mahali." Baba alitoka, akarudi na daftari lake la kupimia viwanja, lenye jalada gumu na kamba ya penseli. Kati ya mchoro wa kiwanja cha mtu na hesabu ya urefu wa ukuta, kwa mwandiko ulionyooka kama reli, palikuwa na mstari mmoja. Alimsomea herufi kwa herufi, kama anayesoma vipimo kwa mshika mnyororo. "Herufi kubwa, M. Kisha ndogo zote. *Mpangajihalipi*. Kisha moja, tisa."

"Nani alilichagua?"

"Unauliza?"

Likakubaliwa.

Injinia alifungua orodha ya nakala. Hakuharakisha, hakuchelewa. Alikuwa amekwisha kupanga maneno atakayosema, yalikuwa matatu: Baba, nisamehe, hazipo. Hakuwa na hofu ya kuyasema. Hilo ndilo lililomshangaza kidogo, kwa mbali, kama sauti ya redio ya nyumba ya tatu.

Orodha ikajifungua. Mistari ilikuwa myekundu, ukurasa baada ya ukurasa, mwekundu, mwekundu, mwekundu. Na juu kabisa, kwenye siku za mwisho, ilikuwapo mistari tisa ya kijani.

Alidhani amesoma vibaya. Akasogeza kioo, akahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tisa. Akafungua ya mwisho, ya Alhamisi, siku moja kabla ya kompyuta kufa. Ndani yake kulikuwa na kabrasha la *Barua*, la *Ramani*, la *Picha*. Akafungua *Picha*. Zikaanza kumiminika kwenye kioo vipande vidogo vidogo, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.

"Zipo," alisema.

Baba aliweka kikombe dirishani. "Ngapi?"

"Elfu moja mia nane arobaini na sita."

"Sahihi." Baba akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasafisha miwani kwa ncha ya shati, kwanza kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha cha kulia tena. "Nifungulie mia mbili na kumi na mbili."

Injinia akaifungua. Mama alikuwa kijana juu ya ngazi, brashi ya rangi mkononi, ukuta nyuma yake nusu mweupe nusu wa udongo. Alikuwa anamcheka mtu aliyeshika kamera, mdomo wazi, meno yote nje, bila kiganja. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Baba: *Anatazama kusini.*

Baba aliitazama sana.

"Si kusini," alisema. "Nilikosea. Tazama kivuli cha ngazi. Ilikuwa jioni. Anatazama magharibi." Akanyoosha kidole, asikiguse kioo. "Rekebisha hapo."

Injinia akarekebisha.

Baba alipotoka, kikombe kikabaki dirishani kikipoa, na Injinia akabaki na swali lake. Mtu mwingine angeshukuru, akafunga vifaa. Yeye hakuweza. Kitu kilichoumwa miezi kumi na minne hakiponi chenyewe kwa sababu watu wamefiwa. Ugonjwa una chanzo, na chanzo kina saa yake. Alijua pia, na hapa masikio yalipata moto kidogo, kwamba Mpangaji alikuwa na daftari lake mwenyewe. Vifaa vyote vya namna yake huandika kila kinachovipata, dakika kwa dakika, nani kaingia, umeme umekatika lini, kebo imetoka lini. Injinia aliwafundisha wengine kazini: kabla ya kugusa kitu, soma daftari. Daftari la Mpangaji hakuwahi kulifungua hata mara moja. Fundi anayejua jibu hasomi. Na yeye jibu alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza: kebo mbovu. Alimnunulisha Baba kebo tatu. Mbili za zamani Mama alizifanya kamba za kuanikia nguo.

Sasa akalifungua.

Kwanza alimshuku Mama na pasi. Soketi ya Mpangaji ilikuwa pale pale penye meza ya kupigia pasi, na mwenye pasi hakopeshi soketi. Lakini daftari lilikataa. Umeme wa Mpangaji ulikuwa haujakatika ila zile siku mtaa mzima ulipokuwa gizani. Kilichokatika kilikuwa mtandao peke yake. *Kebo imetolewa, saa nne kasoro dakika nane. Kebo imerudishwa, saa nne na nusu.* Siku iliyofuata: imetolewa saa nne kasoro dakika saba, imerudishwa saa nne na nusu na dakika moja. Siku iliyofuata vilevile. Na nakala ilipangwa kuanza saa nne kamili asubuhi.

Kebo mbovu haijui saa.

Aliendelea kushuka, akafika miezi mitatu nyuma, akakumbuka. Wakati ule alikuwa amebadilisha saa ya nakala kutoka mjini kwake, akiingilia kompyuta ya Baba kwa mbali, kutoka saa nne asubuhi kwenda saa tisa alasiri. Hakumwambia mtu. Alitaka kujaribu. Siku hiyo, daftari lilisema, kebo ilitolewa asubuhi kama kawaida, saa nne kasoro, ikarudishwa. Saa tisa nakala ikaanza bila kizuizi. Ilikuwa ya kwanza yenye picha zote, kwa hiyo ilihitaji zaidi ya siku nzima. Ikaenda alasiri yote, ikaenda usiku kucha, na kesho yake saa nne kasoro dakika sita ikakatwa. Nakala isiyokamilika haihesabiki, hufutwa ikaanza upya. Lakini Injinia aliona imetembea saa kumi na tisa, akafurahi. Akapiga simu palepale, haikuwa hata Jumamosi. Mama akapokea.

"Nimemkamata, Mama! Ugonjwa ni saa. Nimempangia saa tisa alasiri, utaona."

"Saa tisa?" Mama aliuliza. "Tisa kamili?"

"Tisa kamili."

"Haya, Injinia. Mungu akuzidishie akili."

Kuanzia siku ya pili yake, kebo haikutolewa tena asubuhi. Ilitolewa saa tisa kasoro dakika tano, ikarudishwa saa tisa na nusu. Kila siku, Jumapili na sikukuu, mpaka Jumatatu moja. Jumanne Mama alilazwa. Jumanne kebo haikuguswa. Nakala ikaanza saa tisa, ikaenda, ikaenda, na Alhamisi asubuhi, Mama akiwa kitandani hospitalini akiwaambia watu wasimsumbue mtoto, ni kifua tu, ikakamilika kwa mara ya kwanza.

Injinia akafunga kioo. Akakaa. Feni ya Mpangaji ilikoroma. Aliigeuza hesabu ile huku na huku: kama Mama angerudi salama, picha zingekufa Ijumaa. Ilikuwa hesabu sahihi. Alingoja imuume, haikuuma. Akainuka, akatoka uani.

Dada alikuwa anaanua nguo. Ndiye mkubwa wao, mkunga, anakaa mtaa wa pili, na tangu msiba alikuwa anakuja kila siku akitoka zamu, anafua hata visivyochafuka. Kamba ilikuwa ya buluu, imefungwa kutoka bomba la maji hadi nondo ya dirisha.

"Dada."

"Injinia."

"Nani alikuwa anachomoa kebo ya Mpangaji?"

Dada hakugeuka. Alibandua kibanio kimoja, akakiuma kwa meno, akakunja shuka kwa mikono miwili, ndipo akakitoa.

"Umegundua leo?"

"Leo."

"Na vyeti vyote vile ulivyotundika ukutani."

"Nakuuliza, Dada."

"Unaniuliza unachokijua." Akampa ncha mbili za shuka azishike. Wakakunja, wakasogeleana, wakakunja tena. "Mara ya kwanza aliumwa kweli. Baba alisogeza kabati, kebo ikalegea. Wewe ulikuwa hujakanyaga hapa mwaka na nusu. Mashine ikaumwa leo, kesho yake tunakuona mlangoni na begi. Ulikaa siku tatu. Ulikula, ukalala mchana sebuleni mdomo wazi, Mama akakaa kwenye kiti anakupungia inzi. Ulipoondoka akaniambia, kumbe huyu mwanangu haji kwa watu, anakuja kwa mashine. Kujua dawa ni nusu ya kupona."

"Lakini sikuja tena."

"Hukuja. Ulipiga simu." Dada alichukua shuka, akaliweka kwenye beseni. "Kabla ya hapo ulikuwa unapiga mwisho wa mwezi, dakika mbili. Hamjambo, mko salama, haya. Baadaye ikawa kila Jumamosi, saa nzima. Baba anasoma taa, wewe unafoka, Mama anacheka pembeni. Alikuwa anaoga kabla hujapiga, unajua hilo? Anavaa. Mwenye kukosa nyama hunywa mchuzi."

Injinia aliikumbuka saa ile ya Jumamosi. Mama akiwa na simu, Baba kwa nyuma akiita "kijani, kijani, machungwa, ya nne imezimika!" na yeye akiuliza, vipi Mama, amepona? Na Mama, kila Jumamosi, kwa sauti ya muuguzi mwenye habari nzito: "Bado, Injinia. Bado."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kupiga."

Alitafuta neno la kukanusha. Alilitafuta kwa uaminifu, kama anayetafuta skrubu sakafuni. Hakuliona.

"Picha zingepotea zote," alisema.

"Mama angejuaje? Yeye aliona picha ziko kwenye kompyuta, kompyuta iko mezani, inawaka. Wewe ndiye uliyetuambia kila kitu kiko salama." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema kilo za mtoto aliyezaliwa. "Zimepotea?"

"Zipo."

Dada akasimama na soksi mkononi. Kisha akaitafuta mwenzake kwenye beseni, akaipata, akazikunja pamoja. "Basi," alisema. Uso wake ukawa umelowa, naye akaendelea kukunja, hakujifuta. Injinia alimtazama kwa aina ya wivu.

"Baba anajua?"

"Muulize Baba."

Hakumuuliza. Alirudi chumba cha nyuma akafanya kazi, maana kazi aliijua. Alifungua kompyuta ya Baba, akatoa diski iliyokufa, akatia mpya, na safari hii akahesabu skrubu. Akarudisha kila kitu kutoka kwa Mpangaji: barua, ramani, picha. Akazinakili picha kwenye diski nyingine ndogo kwa ajili ya Dada, na kwenye ya tatu ya kwake mwenyewe, akazijaribu zote, picha ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Akairudisha kebo ya buluu kwenye ruta, akaisukuma mpaka ikalia *tik*. Akalifungua pia kabrasha la pembeni kwenye simu yake na kuzirudisha jumbe za Mpangaji mahali zinapoonekana. Zilikuwa mia nne na zaidi. Alizisoma chache. Nakala imeshindikana, nakala imeshindikana. Kila moja ilikuwa na tarehe na saa, na kila tarehe ilikuwa siku ambayo mwanamke mmoja alitembea kutoka jikoni hadi chumba cha nyuma, akainama, akachomoa kebo, akafuta vumbi, akaangalia saa ya ukutani mpaka itimie nusu.

Alikuwa amekaa palepale sakafuni Baba alipoingia. Saa ya ukutani ilisema tisa kasoro dakika mbili. Begi la Injinia lilikuwa limefungwa tayari, liko mlangoni. Basi lilikuwa la kesho alfajiri, na kazini walikuwa wamempigia mara mbili.

Baba alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama alivyosimama zamani nyuma ya darubini ya kupimia. Wakangoja pamoja. Saa tisa kamili kompyuta ikatikisika kidogo. Taa ya kwanza ya Mpangaji ikawa kijani. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaanza kupepesa haraka haraka, kijani, kijani, kijani, ishara ya anayekula na kushiba. Hata mtoto angeisoma. Baba alikuwa amezisoma taa hizo kwa simu kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka.

"Ugonjwa ulikuwa nini?" Baba aliuliza.

"Kebo," Injinia alisema. Na haukuwa uongo.

"Ulisema hivyo tangu mwanzo."

"Nilisema."

"Na sasa? Amepona?"

Injinia alizitazama zile taa nne. Tangu apate akili ya kushika bisibisi hakuwahi kumwambia mtu kwamba kazi yake haijaisha ilhali imeisha. Kinyume chake alikwisha kukifanya mara nyingi. Ilikuwa kama kuomba mkono wake wa kulia uandike jina la mtu mwingine.

"Bado," alisema.

Baba akazitazama pia. Taa ziliendelea kupepesa kijani usoni mwao, feni ikikoroma.

"Bado," Baba alirudia, polepole, kama anayelipima neno urefu. "Ni ugonjwa mkubwa, basi."

"Mkubwa. Itabidi nije tena Jumamosi nimwangalie."

"Na hiyo nyingine?"

"Na hiyo nyingine. Huyu ni wa kuangaliwa kila mara."

"Hm." Baba aliinama, akachukua kitambaa kilichokuwa kimeifunika kompyuta, akamfuta Mpangaji vumbi, juu, ubavuni, na nyuma karibu na kebo, taratibu, asiiguse. Akakikunja kitambaa mara nne. "Basi ukija Jumamosi," alisema akielekea mlangoni, "njoo na zile skrubu zangu mbili za redio."

Injinia akataka kusimama. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala, hauna habari. Akashika kabati la viatu, akasimama juu ya mguu huohuo, akangoja uanze kuchoma.